Si Jini, ni Vijiwe vya Sikio





Juma hili tumekusudia kuzungumzia kisunzi, ambacho wengine hukiita kizunguzungu. Nyumba nyingi zinakijua. Kuna kisunzi cha njaa, cha homa, cha presha na cha upungufu wa damu. Lakini kuna kimoja ambacho humjia mtu anapogeuza kichwa tu, kikamfanya aone dari na kuta zinamzunguka, kisha baada ya muda mfupi kikaondoka kana kwamba hakikuwapo. Hicho ndicho tutakachokieleza, pamoja na namna ya kuchagua tiba yake, kwani tiba yake si kidonge. Tiba yake ni kugeuzwa kichwa na mwili kwa mpango maalumu. Tutaanza na kisa kilichotufundisha sisi wenyewe, na humo mna kosa letu ambalo hatutalificha.

Simu kutoka Nyeri

Familia moja ya jamaa zetu hapa Pwani ilimwoza binti yao Nyeri, mtaa wa Majengo. Asiyefika huko huenda akadhani kwamba mji ule uliokaa baina ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua hauna Waislamu. Wapo. Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru, kote kuna mtaa uitwao Majengo, na kote utasikia adhana. Binti alipokewa vizuri. Mavyaa wake, mama wa miaka sitini na kitu ambaye wajukuu humwita Shosho, alimpenda na kumpa funguo za kabati la vyombo.

Haikutimia wiki tatu, yule mama akaamka alfajiri kwa ajili ya swala, na alipoinuka kitandani akaanguka. Alisema nyumba ilipinduka. Tangu siku hiyo hali ikawa ni hiyo. Alipolala ubavu wa kulia, alipiga kelele na kushika kitanda. Aliposujudu, alianguka juu ya mswala, na mara nyingine alitapika. Alipoketi ametulia na kikombe chake cha chai, hakuwa na tatizo lolote.

Walimpeleka kwenye zahanati moja, akapimwa presha, ikaonekana imepanda kidogo, akapewa vidonge. Baadaye akaongezewa vingine vya kutuliza kizunguzungu. Alivimeza kwa miezi miwili. Vilimlegeza na kumtia usingizi, hata siku moja akaanguka mlangoni na kuumia mkono, lakini kisunzi kilibaki palepale.

Hapo maneno yakaanza. Mwenye kusema alisema kwamba mama huyu alikuwa mzima hadi alipoingia mkaza mwana kutoka Pwani, na kwamba Pwani ina majini yake, yaliyokuja na masanduku ya bibi harusi. Mwingine akaongeza hoja iliyoonekana ya kidini: kitu hiki kinamkataza kusujudu, kinamkataza kulala ubavu wa kulia ambao ni Sunna ya Mtume (S.A.W.), na humvamia wakati wa alfajiri. Kama si jini linalochukia ibada, ni nini? Mumewe yule binti akabanwa baina ya mama na mke. Mwishowe simu ikatufikia: Sheikh, njooni mlitoe mlilotuletea, au mje mumchukue mtoto wenu.

Tulivyokosea

Tulisafiri. Tulifika Nairobi kwa basi la usiku, tukapanda matatu kupitia Thika, Sagana na Karatina, na asubuhi ile mlima ulikuwa wazi, haujafunikwa na mawingu. Nyeri iko juu, takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na njiani abiria mmoja alituambia kwamba pengine ni baridi na hewa nyembamba ndiyo inayowazungusha watu vichwa. Hilo si kweli kwa mtu aliyezaliwa na kuzeekea hapo. Maradhi ya kupanda mlima huwapata wanaokwea haraka kwenda juu zaidi ya hapo, na hayamchagulii mtu ubavu wa kulalia.

Tulipofika tuliwakuta wamejaa sebuleni. Tukamwomba mama alale juu ya mkeka, ubavu wa kulia, aelekee kibla, ili tumsomee. Hatukuuliza swali hata moja kabla ya kusoma. Alipolala tu, na aya za mwanzo zikiwa bado ulimini, alipiga ukelele, macho yakamtikisika, akatapika. Watu wakaruka: limejibu! Nasi, ndugu zetu, tuliamini. Kwa muda wa saa nzima tulisoma tukiamini kwamba tunapambana na jini, na yule binti amesimama mlangoni akilia, kila jicho likimtazama yeye.

Aliyetuzindua ni yeye. Tulipotoka uani kupumzika, alitufuata na maji ya kunywa, akasema kwa sauti ya chini: "Ami, niwieni radhi. Mimi ndiye ninayemtandikia kitanda mama. Akilala kushoto hana neno. Na juzi aliinua uso kuchukua mkebe wa sukari rafuni, kikamshika vilevile. Sukari nayo ni ibada?"

Hatukuwa na jibu. Jini linalochukia swala lina chuki gani na mkebe wa sukari? Tukarudi ndani, na mara hii tukauliza yale ambayo yalitupasa kuyauliza mwanzo: huanza lini, hudumu muda gani, upande upi, na nini hukileta. Majibu yote yalielekea jambo moja, nalo ni mkao wa kichwa. Siku ya pili tukafuatana naye hospitali.

Maradhi yenyewe

Sikio halikuumbwa kwa kusikia tu. Ndani yake kabisa, nyuma ya ngoma, kuna ala ya kumfanya binadamu asianguke. Ala hiyo ina mifereji mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara, imejaa maji. Kila kichwa kinapogeuka, maji hayo husogea na kuupasha ubongo habari ya mwendo. Karibu na mifereji hiyo pana kifuko chenye vijiwe vidogo mno vya chokaa, vilivyonata juu ya utando laini. Kazi ya vijiwe hivyo ni kuhisi uzito na mwelekeo, ili mtu ajue juu ni wapi na chini ni wapi.

Kwa umri, au kwa kugongwa kichwa, au bila sababu inayoonekana, baadhi ya vijiwe hubanduka na kuangukia ndani ya mfereji mmoja. Huko si mahali pake. Mtu anapolala au kuinama, vijiwe huporomoka ndani ya mfereji na kuyasukuma maji wakati kichwa kimekwisha tulia. Ubongo hupata habari ya uongo kwamba mwili unazunguka, na macho hutikisika kuufuata mzunguko usiokuwapo. Vijiwe vikishatua, kisunzi hukoma, kwa kawaida kabla ya dakika moja kupita.

Maradhi haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huzidi baada ya miaka 50. Huja pia kwa vijana walioumia kichwa, na katika miji ya mlimani ambako bodaboda ndizo miguu ya watu, jambo hilo si geni. Hayaambukizi, hayaui, na hayahusiani na wazimu. Hatari yake kubwa ni kuanguka, hasa kwa mzee ambaye mifupa yake imedhoofika.

Hebu sasa turejee zile hoja za jini. Hakuweza kusujudu kwa sababu kusujudu hupindua kichwa chini. Hakuweza kulala kulia kwa sababu sikio lenye vijiwe vilivyopotea lilikuwa la kulia. Kilimjia alfajiri kwa sababu usiku kucha vijiwe vilikuwa vimetulia, na kuinuka kitandani ndiyo harakati kubwa ya kwanza ya siku.

Kutoka kidonge hadi harakati

Wataalamu walichukua muda mrefu kuyajua haya. Mwaka 1921 Robert Bárány, daktari aliyekuwa amekwisha pata tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa sikio la ndani, alimweleza mgonjwa mwenye kisunzi cha namna hii. Mwaka 1952, huko London, Margaret Dix na Charles Hallpike wakaeleza kipimo ambacho hutumika hadi leo. Mgonjwa huketi kitandani, kichwa chake hugeuzwa upande mmoja nyuzi 45, kisha hulazwa chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo chini ya usawa wa kitanda, huku mpimaji akiyatazama macho. Kama vijiwe viko katika mfereji wa nyuma wa sikio lililo chini, baada ya sekunde chache macho hutikisika kwa namna maalumu, yakipanda juu na kuzunguka, kisha hutulia.

Kisha akaja John Epley wa Portland, Marekani. Yeye alisema kwamba kama tatizo ni vijiwe vilivyoingia mferejini, basi na tuvitoe kwa njia ileile vilivyoingilia, kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua hadi virudi kwenye kifuko chake. Baadhi ya wenzake hawakumsadiki, na ilimchukua miaka mingi hadi makala yake yakachapishwa mwaka 1992. Leo miongozo ya madaktari wa masikio inataja tiba hii ya kugeuza kichwa kuwa ndiyo ya kwanza, na inawaasa madaktari wasitegemee vidonge vya kutuliza, kwa kuwa vidonge haviwezi kukirudisha kijiwe mahali pake.

Kwa watu wa Nyeri, Karatina, Kerugoya au Nanyuki, habari hii ina uzito wa pekee. Tiba hii haihitaji mashine, wala safari ya Nairobi kupigwa picha ya kichwa, iwapo dalili ni zile za kawaida na kipimo kimethibitisha. Inahitaji kitanda, mto, mikono miwili na macho yanayojua yanatafuta nini.

Namna ya kuchagua

Hapa ndipo penye jambo kubwa, kwani harakati ziko kadhaa, na si kila moja inamfaa kila mgonjwa. Tumejifunza kwamba kuna maswali manne ya kujiuliza.

La kwanza: ni sikio gani? Harakati ya sikio la kulia ni kinyume cha ile ya kushoto. Mwenye kuiga tu alichokiona kwenye simu ya jirani, bila kujua sikio, huenda akajisumbua bure. Kipimo cha Dix na Hallpike ndicho kinachojibu swali hili: sikio lililo chini kisunzi kinapozuka na macho kutikisika, ndilo lenye vijiwe.

La pili: ni mfereji upi? Kati ya wagonjwa 10, takriban 8 au 9 vijiwe vyao viko katika mfereji wa nyuma. Hao ndio wanaofaa kwa njia ya Epley. Kwa sikio la kulia, huwa hivi: mgonjwa huketi kitandani amenyosha miguu, kichwa amekigeuza kulia nyuzi 45. Hulazwa chali, mto ukiwa chini ya mabega, kichwa kikiinama nyuma. Hungojwa hadi kisunzi kitulie, kama dakika moja. Kisha kichwa hugeuzwa kushoto nyuzi 90, hungojwa tena. Kisha hulala ubavu wa kushoto, uso ukielekea sakafuni, hungojwa tena. Mwisho huinuliwa aketi polepole, kidevu kikiwa kimeinama. Wengi hupata nafuu kwa mara moja hadi tatu.

Lakini wako ambao vijiwe vyao viko katika mfereji wa ubavuni. Hawa kisunzi huwashika wanapogeuka kitandani huku na huku, na macho yao hutikisika kwa kulala, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Njia ya Epley haiwafai. Wao hubingirishwa kama mshikaki juu ya makaa, nyuzi 90 kila hatua, kuelekea upande wa sikio zima, njia iliyoelezwa na Thomas Lempert wa Ujerumani. Au hulazwa haraka ubavu mmoja na kugeuzwa uso, kama alivyoelekeza Gufoni wa Italia. Kutambua ubavu upi ndio mgonjwa katika hali hii si kazi ya kubahatisha, bali ni ya aliyesomea.

La tatu: mwili wa mgonjwa unaweza nini? Mama mwenye shingo iliyokakamaa, au mwenye ugonjwa wa mifupa ya shingo, asiinamishwe kichwa nyuma. Kwake kuna njia ya Mfaransa Alain Semont, iliyochapishwa mwaka 1988. Mgonjwa huketi pembeni mwa kitanda, kichwa kimegeukia sikio zima, akalazwa ubavu wa sikio gonjwa, kisha akapinduliwa kwa mkupuo mmoja hadi ubavu wa pili bila kukibadilisha kichwa. Matokeo yake yanakaribiana na ya Epley. Lakini yataka wepesi, na mama mzito au mwenye nyonga mbovu huenda asiiweze. Mwenye maradhi ya mishipa ya shingo, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au wa shingo karibuni, na mama mjamzito, wamweleze mtaalamu kabla hajawagusa.

La nne: nani atakayeifanya? Mara ya kwanza afadhali awe daktari wa masikio, pua na koo, au mtaalamu wa tiba ya viungo aliyefunzwa. Ukifika hospitali, uliza wazi: je, yuko anayepima kisunzi cha kugeuza kichwa na kukitibu kwa njia ya Epley? Kuuliza si ujinga. Maradhi haya hurudi mara kwa mara kwa wengi, miezi au miaka baadaye, kwa hiyo ni vyema mgonjwa na mmoja wa nyumbani wafundishwe harakati ya sikio lile, ili kikirudi wasianze upya. Yako pia mazoezi ya Brandt na Daroff ya mwaka 1980, ya kujilaza huku na huku mara kadhaa kwa siku. Ni mepesi kuyafanya nyumbani, lakini yameonekana kuwa dhaifu kuliko Epley iliyofanywa sawasawa mara moja.

Tunapenda kutaja njia moja zaidi, maana huenda msomaji akaisikia na kuikuza kupita kiasi. Mwaka 2012 Daktari Carol Foster wa Colorado, Marekani, alieleza njia ambayo mgonjwa hupiga magoti, akakiweka kichwa chini kama anayetaka kupiga pindu, akakigeuza kuelekea kiwiko cha upande mgonjwa, kisha akakiinua kwa hatua mbili. Mwenye kuitazama kwa mbali atasema ni sijda. Tungependa sana kuwaambia kwamba sijda inaponya kisunzi hiki, lakini tungekuwa tumesema lisilo kweli. Kichwa hukaa kwa namna tofauti, na sijda zake ndizo zilizokuwa zikimwangusha yule mama. Sijda ni ibada na utukufu wake unatosha, haihitaji kupambwa kwa madai ya tiba.

Kilichotokea

Pale hospitali alimhudumia dada mmoja kijana, mtaalamu wa viungo. Tulishukuru kwamba alikuwa mwanamke, ingawa kama hayupo, dharura ya matibabu ina hukumu yake, na mume, mwana au mwanamke mwenzake anaweza kukaa chumbani. Hakulazimika kuvua mtandio. Anayevaa nikabu na ajue tu kwamba mpimaji lazima ayaone macho yake bila kizuizi, maana ushahidi wote uko machoni.

Alimlaza kushoto, kukawa kimya. Akamlaza kulia, kisunzi kikazuka, naye akatuita, mimi na mwanawe, tuyaangalie macho yalivyokuwa yakicheza. Alisema kwa utulivu kwamba ni sikio la kulia, mfereji wa nyuma. Akaendelea na Epley. Mama alimshika mkono mkaza mwana wake tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Akapumzishwa, akapimwa tena, kisunzi kikaja hafifu. Akarudiwa. Mara ya tatu akalazwa kulia na akabaki ametutazama, akingojea kitu kisichokuja. Kisha akacheka, halafu akalia.

Wiki moja baadaye alipimwa tena. Kupimwa tena ni jambo la lazima, kwa kuwa wakati mwingine vijiwe hutoka mfereji mmoja na kuingia mwingine, na hapo harakati hubadilishwa. Yeye alikuwa salama. Siku chache baada ya tiba mtu huweza kujihisi kama anatembea juu ya godoro, nayo hupita. Hapana haja ya kulala ameketi usiku kucha, kama ilivyokuwa ikishauriwa zamani. Vidonge vyake vya presha daktari alivipitia upya, na tunasisitiza kwamba daktari ndiye aliyefanya hivyo. Mgonjwa asiache dawa ya presha kwa sababu ya makala.

Swala ya mwenye kisunzi

Mama yule alitwambia kwamba kilichomuumiza zaidi ya kuanguka ni kuacha kusujudu. Alidhani swala zake za miezi ile zilikuwa pungufu. Basi tuliseme hili kwa uwazi. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza sahaba Imran bin Husayn, alipokuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama. Akishindwa, kwa kuketi. Akishindwa, kwa ubavu. Hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wa Imam Bukhari. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walikitaja kisunzi chenyewe: abiria wa jahazi anayechelea kichwa kumzunguka akisimama, ameruhusiwa kuswali ameketi. Sisi watu wa bahari yatupasa tuijue hukumu hiyo kuliko wengine.

Kwa hiyo mwenye kisunzi akichelea kuanguka, aketi. Asiyeweza kusujudu ainamishe kichwa kwa kiasi cha uwezo wake, sijda iwe chini kuliko rukuu. Ikiwa hata hilo linamletea kisunzi, aashirie kwa kope. Swala yake ni kamili, na ujira wake kwa Mola wake haupungui. Lakini akipata njia ya kutibiwa asiiache, kwani Mtume wetu alituamrisha kujitibu.

Na usingizi wa ubavu wa kulia ni Sunna kwa anayeuweza. Aliyeambiwa na maumbile ya mwili wake alale kushoto kwa muda, na alale.

Dalili za kukimbilia hospitali

Si kila kisunzi ni vijiwe. Kisunzi kikiandamana na ulimi mzito, mdomo kupinda, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa mkono au mguu, kushindwa kutembea kabisa, maumivu makali ya ghafla ya kichwa, kuzimia, au sikio kuziba kusikia kwa ghafla, huo si wakati wa kujibingirisha kitandani wala wa kungojea sheikh. Huenda ni kiharusi. Vilevile kisunzi kinachodumu masaa mengi bila kukoma, hata mtu akitulia, si hiki tulichokieleza. Mfikisheni hospitali saa ileile.

Na kwa kina mama, neno la kinga: mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu wa vitamini D, walipopewa vitamini hiyo pamoja na madini ya kalisi, kisunzi kiliwarudia kwa uchache zaidi. Mama anayekaa ndani muda mwingi na kujisitiri vizuri, nalo ni jambo jema, na autafute mwanga wa jua katika ua wake mwenyewe, na amuulize daktari kama yafaa apimwe.

Deni letu

Hatusemi kwamba majini hayapo, wala hatusemi kusoma Qur'ani juu ya mgonjwa si tiba. Tulimsomea mama huyu hata baada ya kupona, kwa shukrani. Tunachosema ni kwamba msomaji asiyeuliza huweza kumdhuru asiye na kosa. Dua haitaki kuuliza, kwani Mwenyezi Mungu anajua. Hukumu ndiyo inayotaka kuuliza, nasi tulihukumu. Laiti tungeondoka Nyeri jioni ile ya kwanza, binti yule angerudishwa kwao na jina baya, na mama angebaki na vijiwe vyake.

Usiku wa kuagana, yule mama aliwaita wote sebuleni. Alimketisha mkaza mwana wake kando yake na kumwomba radhi mbele ya waliosema na walionyamaza. Nasi tukamwomba radhi, kwani tulikuwa miongoni mwao. Adhana ya Isha ilipolia, mama alisimama nyuma yetu, binti akiwa ubavuni pake, akasujudu kama wanavyosujudu wengine. Tulipotoa salamu upande wa kulia na upande wa kushoto, tulimsikia akisema alhamdulillahi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atuepushe na dhana mbaya, na awajaalie watoto wetu walioolewa mbali wapate mahali pa amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.